Gari likishiba linagoma kuwaka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Nissan X-Trail ya mwaka 2008. Naishi Kimara Temboni na kazi yangu iko Posta. Ni miezi minne sasa gari hili limenifanya niogope sheli. Nikiweka mafuta ya elfu ishirini halina neno. Nikijaza ful tanki, pale pale kwenye pampu napiga stata mara nne, mara tano, ndipo linawaka, tena kwa kutetemeka na harufu kali ya petroli, huku wa nyuma yangu wananipigia honi. Nikifika mbele kidogo limetulia, na kesho yake asubuhi linawaka mara moja. Fundi wangu alibadilisha plagi, akabadilisha na pampu ya mafuta. Laki mbili na nusu imekwenda. Amepima kwa kompyuta, hakuna kosa, na taa ya injini haijawahi kuwaka. Siku moja kijana wa sheli aliniambia nikanyage mafuta mpaka chini huku napiga stata. Likawaka! Tangu hapo ndiyo dawa yangu. Sasa fundi anasema tubadilishe kompyuta ya gari. Nikubali?
Msomaji, Kimara Temboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kompyuta usiiguse. Na ukipita tena pale sheli, mnunulie yule kijana soda, maana ameukaribia ugonjwa kuliko sisi tunaojiita mafundi.

Watu wengi wanadhani kukanyaga mafuta wakati wa kupiga stata kunaongeza petroli. Kwenye magari mengi ya EFI, yaani yanayopimiwa mafuta na kompyuta, ni kinyume chake. Kompyuta ikiona mguu umefika chini kabisa na injini bado haijawaka, inafunga nozeli zinazopulizia injini mafuta, na mlango wa hewa unabaki wazi wote. Injini inanyimwa mafuta, inapewa hewa. Na lako ndipo linapowaka. Gari lenye njaa ya petroli haliponi kwa kunyimwa petroli. Lako halina njaa, limepaliwa. Ile pampu uliyolipia ilikuwa dawa ya njaa.

Linapaliwa na mvuke. Petroli haitulii ndani ya tangi, hasa kwa joto letu hili, gari limeanikwa Posta tangu asubuhi mpaka saa kumi. Zamani mvuke huo uliachwa upotelee hewani. Wa kwanza kuukataza walikuwa California, kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971, kwa sababu mvuke wa petroli na moshi wa ekzosi vikipigwa na jua vinazaa ule ukungu mchafu uliokuwa unawawasha macho watu wa Los Angeles. Tangu hapo mvuke unapelekwa kwenye kopo lenye chembe za mkaa, ambalo kwenye magari mengi liko chini, upande wa nyuma, jirani na tangi. Mkaa unaushika. Ukiwa barabarani na injini imepata moto, vali ndogo kule mbele karibu na manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, inafunguka kidogo kidogo, injini inauvuta mvuke na kuuchoma. Ukizima gari, vali hiyo inatakiwa ifunge kabisa.

Yako, kwa dalili ulizonipa, haifungi. Ukijaza tangi, petroli inayoingia inausukuma mvuke wote utoke. Kopo la mkaa linashiba, unaobaki unapita kwenye vali iliyokwama na kujaa kwenye manifodi. Unapowasha, injini inavuta mvuke huo pamoja na petroli ya nozeli. Lazima ipaliwe. Ukiweka ya elfu ishirini, mvuke unaosukumwa ni mdogo, ndiyo maana huoni kitu.

Kwa nini kompyuta haikusema? Kwa sababu haijui. Inachoweza kuona ni umeme wa vali. Waya ukikatika, Nissan yako ingeandika kosa namba P0444. Kilango cha ndani kikikwama huku koili ni nzima, umeme unapita vizuri na kompyuta inaona kila kitu kiko salama. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kile kipimo cha kujikagua uvujaji kilichomo kwenye magari ya Marekani. Fundi anayesubiri mashine imwambie kila kitu atabadilisha spea mpaka mteja afilisike.

Sitaki unichukulie kwa maneno tu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mwambie fundi auchomoe kwenye vali mpira unaotoka nyuma, awashe gari, aweke kidole kwenye tundu la vali. Injini ikiwa baridi na inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, pasivute. Ikinyonya kidole, vali imekwama wazi. Halafu aizime, aitoe vali nje bila waya, achomeke kipande cha mpira safi na kupuliza. Kupuliza, si kunyonya. Mvuke wa petroli si kitu cha kuingiza kifuani. Vali nzima isiyo na umeme haipitishi pumzi. Ikipewa umeme wa betri inalia "tak" na pumzi inapita. Akiipima kwa mita tu ataona omu ishirini na kitu, atasema ni nzima, na mtarudi mlikotoka.

Ukitaka ushahidi wa mwisho, siku ya kwenda kujaza, kabla hujatoka nyumbani, mpira ule ubanwe kwa kibano kilichofungwa tambara. Jaza, kisha washa bila kukanyaga. Likiwaka mara moja, kesi imekwisha. Mkirudi, kibano kitolewe.

Hapa nina la kukiri. Miaka ya nyuma dereva wa teksi wa Mnazi Mmoja aliniletea ugonjwa huu huu, akasema, "Fundi, likishiba ndio linagoma." Nilicheka, nikamuuzia pampu. Alirudi mara mbili. Mara ya tatu nikaitoa vali, nikaigonga kwenye kiganja, zikamwagika punje nyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa. Mkaa! Ulikuwa umesafiri kwenye mpira kutoka nyuma mpaka mbele na kukaa kwenye kilango, kikashindwa kufunga. Pampu niliirudisha, lakini aibu ilibaki kwangu.

Kwa hiyo vali yako ikitoka, igonge kwenye karatasi nyeupe. Ikitoka safi, nunua vali, basi. Zikitoka punje, kopo la nyuma limepasuka ndani, na vali mpya peke yake itakufikisha miezi michache tu. Kopo libadilishwe, na mipira yote ipulizwe kwanza kabla vali mpya haijafungwa. Ukienda Gerezani kutafuta ya mtumba, beba kipande cha mpira, ipulize mbele ya muuzaji. Akikasirika, nenda duka la pili. Kopo la mtumba litikise; likilia kama kayamba, liache.

Na kopo linaharibika vipi? Mara nyingi ni pale pale sheli. Bomba limeshakata, "tak", tangi limejaa. Mhudumu anabonyeza tena ili hesabu ije tisini kamili, na sisi wateja ndio tunaomwambia, "Malizia malizia." Petroli ya maji inapanda kwenye mpira wa mvuke na kuloweka mkaa ulioandaliwa kushika mvuke tu. Bomba likikata, shuka ulipe hiyo themanini na saba elfu mia nne. Chenji utapata.

SWALI: Habari mzee. Gari langu ni la Kimarekani. Taa ya injini imewaka, wamepima ikatoka kosa namba P0455. Mfuniko wa tangi niliusahau juu ya pampu sheli mwezi uliopita, tangu hapo naziba kwa mfuko wa rambo na ukanda wa mpira. Fundi anataka kushusha tangi atafute panapovuja. Tuanze?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Nzuri, kijana wangu. Kwanza, rambo umeipata wapi? Zilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Panapovuja umeshanitajia mwenyewe. P0455 maana yake mvuke unavuja kwa wingi. Magari mengi ya Kimarekani yanaweza kugundua hata tundu la nusu milimita, hilo yangeandika P0456. Sembuse mdomo mzima wa tangi. Nunua mfuniko wa gari hilo hilo, wenye mpira wake mzima, uzungushe mpaka ulie.

Taa haitazima siku hiyo. Gari linajipima lenyewe likiwa limelala likapoa, na mara nyingi tangi liwe kati ya asilimia 15 na 85. Sisi wa kuweka ya elfu kumi kumi, mshale haubanduki chini, kipimo hakifanyiki, tunaanza kulaumu mfuniko. Weka nusu tangi, endesha siku kadhaa. Likipita kipimo safari tatu mfululizo, taa inazima yenyewe.

Isipozima, tafuta gereji yenye mashine ya moshi; moshi unapulizwa taratibu kwenye mipira na unatokea penye tundu. Asikudanganye mtu atumie kompresa ya pancha. Mfumo huu unapimwa kwa presha ndogo sana, chini ya ile inayotoka kifuani mwako ukipuliza puto. Nimeshaona mpira wa kujazia mafuta ukichomoka kwa kompresa hiyo, petroli ikamrukia fundi kifuani, na hatua tano kutoka pale mama ntilie alikuwa anakaanga chapati kwenye jiko la mkaa. Tulikimbia wote, mpaka mwenye gari.