Taa za ghala: sizalifti au bumu?

Ndugu yangu, umeuliza ukodi mashine gani ya kumpandisha fundi azifikie taa za ghala lako: sizalifti au bumu. Umesema taa ziko mita 9 juu, sakafu ni ya saruji, na nusu ya taa hizo ziko juu ya rafu zisizohamishika. Hizo rafu ndizo zinazoamua. Sizalifti, yaani jukwaa linaloinuliwa na vyuma vinavyokunjuka kama mkasi, hupanda wima tu. Penye rafu fundi atajikuta ananing'inia nje ya reli ili aifikie taa, na hapo ndipo watu huanguka. Kodi bumu, yaani mkono mrefu wa mashine wenye kikapu cha fundi mwishoni; iwe yenye viungo, ya betri, inayopanda kisha kuvuka juu ya rafu. Ya dizeli usiikubali ndani ya ghala, moshi wake ni sumu.

Ukiambiwa "mita 9", uliza: ni sakafu ya kikapu au urefu wa kufanyia kazi, yaani mkono wa fundi unapofika? Tofauti huwa kama mita 2. Kibao cha uzito kikiandika kilo 230, humo wamo watu, vifaa na taa zenyewe. Mkanda wa usalama ni lazima, na kamba yake fupi ifungwe ndani ya kikapu, kamwe si kwenye nguzo ya paa.

Mimi hutembea kwanza njia nzima itakayopitwa na mashine, nikigonga mifuniko ya mitaro kwa kisigino. Mmoja uliwahi kunivunjikia.