Kabla hujamhamisha binti kwa sababu ya "ufaulu asilimia 96"

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama umtoe binti yako anayeingia darasa la tano kwenye shule ya msingi iliyopata ufaulu wa asilimia 81 katika matokeo ya darasa la saba 2024, umpeleke ile ya kata jirani yenye asilimia 96. Zote za serikali. Wadau waliotangulia karibu wote wamekwambia uhamishe haraka. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule ya serikali kwa muda mrefu sasa, na darasa la saba ndilo nalala nalo na kuamka nalo kila mwaka mpaka Septemba ipite. Niruhusu niende kinyume nao.

Kwanza ujue hiyo asilimia inapikwa wapi. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mtoto akifikisha 121 tu, anapata wastani wa daraja C, na C ni kufaulu. Kitaifa, watahiniwa wanaovuka mstari huo ni kama asilimia 80, kwa hiyo shule yako haiko shimoni kama ulivyoandika.

Sasa mtazame mtoto huyu, ambaye kila mwalimu wa darasa la saba anamfahamu. Kiswahili 38, Uraia na Maadili 27, Maarifa ya Jamii 26, Sayansi 20, Kiingereza 9, Hisabati 8. Jumlisha: 128. Amefaulu! Januari anaingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, yeye mkononi ana E ya Kiingereza, daraja la chini kabisa. Na hiyo 8 ya Hisabati usiiheshimu sana. Mtihani una maswali 40 ya kuchagua, kila swali na majibu matano. Mtoto akisiliba vivuli vya majibu bila hata kusoma swali, nane hivi ataziokota. Shule inaweza kujaa watoto wa aina hii na bado ikatangaza asilimia 96 kwenye kikao cha wazazi, watu wakapiga makofi.

Walimu hesabu hiyo tunaijua vizuri. Matokeo ya mtihani wa utimilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, yakitoka, unajua nani yuko kwenye 105 na 115, na hao ndio wanaobebwa. Kuwaongezea alama kumi za Uraia na Maarifa ni kazi ya wiki chache za kukaririshana maswali ya miaka iliyopita. Alama kumi za Hisabati zinataka urudi nyuma kabisa, kwenye sehemu na kugawanya ambavyo mtoto aliviacha darasa la nne, na Agosti muda huo haupo. Simtetei mwalimu anayefanya hivyo, lakini nimeketi kwenye vikao vya tathmini ambako shule ya mwisho ilikabidhiwa kinyago cha aibu mbele ya watu. Hakuna aliyeuliza watoto wangapi wanajua kugawanya.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawaliangalii, nalo ni idadi. Umeandika shule ya asilimia 96 ilikuwa na watahiniwa 47. Ingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, fungua matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya 2021 ya shule hiyohiyo, maana hao ndio waliofika la saba 2024. Ukikuta walikuwa 50, sawa. Ukikuta 78, jiulize wale 31 walienda wapi. Wengine wamehama na wazazi, wengine utoro, hilo lipo kila mahali. Lakini kuna shule zinazokaririsha darasa watoto wazito wa kuelewa, au kumshauri mzazi kwa upole kwamba mwanae "angefaa kwingine", ili asije kuwaharibia. Kisha fanya hivyohivyo kwa shule yako.

Ukiwa hukohuko kwenye matokeo ya la saba, achana na asilimia. Tazama wastani wa shule juu ya 300. Shule ya 96 yenye wastani wa 139 maana yake darasa zima limebanana kwenye C za chini. Shule ya 81 yenye wastani wa 158 ina watoto wenye A na B wanaotosha kuwavuta walioanguka, yaani kuna kitu kinafundishwa pale. Halafu teremka kwenye orodha ya watahiniwa, kila mmoja ameandikiwa daraja la kila somo. Hesabu wale wenye wastani wa C ambao wana E au D ya Hisabati na Kiingereza. Chukua kalamu kabisa. Na usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu, kwa sababu shule ya watahiniwa 47 inaweza kupanda na kushuka kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyehamishwa.

Kwa wanaouliza humu "ni ya ngapi kitaifa": baraza liliacha kutangaza shule bora na kupanga nafasi tangu matokeo ya 2022. Hizo orodha mnazotumiana WhatsApp mtu ameziunga mwenyewe.

Baada ya hapo nenda shuleni, siku ya masomo, siyo siku ya kikao. Omba kuona daftari la Hisabati la mtoto wa darasa la tano, lolote. Ukikuta vema zimepigwa ukurasa mzima bila hata kosa moja kusahihishwa, hapo wananakili ubaoni. Uliza pia chakula cha mchana kipo au la. Watoto wanaorudi nyumbani saa saba, wengi hawarudi tena mchana, na kipindi cha mchana ndicho kinachopotea.

Kwa ulivyoeleza, binti atatembea karibu saa nzima kwenda huko. Mimi ningembakisha, na nauli ambayo ungelipa siku za mvua ningeiweka kwenye vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Ila hesabu kwanza hizo E, uziweke hapa tuone.