Vita vya Masisi Havikuanzia Mgodini

Mhariri, wiki hii umeuliza: je, vyombo vya habari vinatueleza vilivyo vita vya mashariki mwa Kongo? Nasema hapana, na kosa kubwa naliona kwenye tarehe vinapoanzia simulizi.

Nilizaliwa Goma, mama yangu ni wa kabila la Wahunde, wenyeji wa Masisi, wilaya ya Kivu Kaskazini jirani na Goma. Sasa naishi Kayole, Nairobi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, tulikesha na redio kwa jirani yangu, mzee Mnyarwanda wa Masisi hiyo hiyo (yaani Mkongo anayezungumza Kinyarwanda, si raia wa Rwanda), ambaye sote tunamwita Papa. Kila taarifa ilirudia mambo mawili: waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, na eneo lenye utajiri wa koltani, madini yanayotumika kwenye simu. Si uongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kuhusu wanajeshi wa Rwanda, na mgodi wa koltani wa Rubaya, huko Masisi, ulitekwa na M23 mwaka 2024. Lakini anayesikia hayo tu ataamini kwamba Rwanda ikiondoka na migodi ikifungwa, Masisi itatulia.

Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika wilaya jirani ya Walikale, na mauaji yakaenea hadi Masisi. Kipindi hicho koltani haikuwa imezua vurugu yoyote. Bei yake ilipaa mwaka 2000. Wakimbizi waliofuata mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 walikuwa hawajavuka mpaka. Na walioanza kushambuliwa ni Wanyarwanda wote, Wahutu kwa Watutsi. Basi walikuwa wanauana kwa lipi?

Kwa shamba na kwa karatasi za uraia. Kuanzia 1937 hadi 1955 Wabelgiji, waliotawala Kongo na Rwanda pia, waliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, wengi kwa ajili ya kazi ya mashamba ya walowezi. Ardhi ya machifu wa Kihunde ilihesabiwa kuwa tupu. Wageni hata wakapewa utawala wao wa kichifu, Gishari, humo humo Masisi, kisha mwaka 1957 ukafutwa. Baada ya uhuru, 1973, Rais Mobutu akataifisha mashamba ya wazungu, wenye vyeo wakagawana, na mengi yakawa malisho ya ng'ombe. Ukoo wa mama yangu ulifukuzwa kilimani kwake kwa ajili ya ng'ombe hao. Sijasikia redio yoyote ikilitaja hilo, na uchungu wake naujua tangu utotoni.

Papa naye ana uchungu wake. Usiku ule alitoa mfuko wa nailoni, ndani mna kitambulisho cha raia wa Zaire (jina la Kongo wakati huo) cha baba yake, kimekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaupokonya: sasa ilitakiwa ukoo wako uwe nchini tangu tarehe 1 Agosti 1885, mwaka ambao Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alijipatia dola yake ya Kongo. Baba yake Papa alilala raia akaamka mgeni, na mgeni hana haki ya shamba. Sheria ya 2004 ilirekebisha mengi, lakini wakati huo vita viwili vikubwa vilikuwa vimeshapita, na kila upande ulikuwa na bunduki zake.

Sisemi haya kuwatetea M23. Ndugu zangu wamelala kwenye mahema kwa sababu yao. Ila mwandishi anayemwita Papa "Mtutsi wa Rwanda" anarudia kauli ile ile iliyombatilishia baba yake kitambulisho, na anayemwita mama yangu "mwathirika wa vita vya madini" anafuta kilima chao.

Mwandishi akifika Masisi, aanze kwa kuuliza shamba hili lilikuwa la nani kabla ya 1937, na nani alilipwa. Mama yangu na Papa wote wawili wana jibu, na majibu yao hayafanani.