Weusi wa Marekani hawajasema polisi waondoke wote
Ndugu yangu, umeandika kwamba Weusi wa Marekani hawataki kuona polisi mitaani kwao. Hapana, si hivyo. Mwaka 2020, wiki chache tu baada ya George Floyd, mtu Mweusi, kuuawa na polisi katika jiji la Minneapolis, kampuni ya kura za maoni ya Gallup iliwauliza: asilimia 81 walitaka muda ambao polisi wanakaa mtaani kwao ubaki ulivyo au uongezwe. Mwaka uliofuata, Minneapolis kwenyewe ilipiga kura kuhusu kuiondoa idara ya polisi na kuweka idara mpya ya usalama. Ikakataliwa, na kata za kaskazini wanakoishi Weusi wengi zikakataa pia.

Wanachodai ni polisi anayekuja ukimwita na asiyekuua akifika. Floyd aliitiwa polisi kwa noti ya dola 20 iliyodhaniwa bandia, akakandamizwa goti shingoni zaidi ya dakika tisa. Kwa noti!

Mimi fedha za usalama ningezipeleka kwenye mambo kama ya jiji la Denver: mtu akichanganyikiwa barabarani, linakuja gari lenye mhudumu wa afya ya akili na mtaalamu wa huduma ya kwanza, bila bunduki. Ila mwizi akimvunjia mama mlango usiku, mama huyo bado anahitaji askari.