Asidi fomiki: pesa inaishia kwenye maji

Safari hii barua nyingi zimehusu asidi fomiki, ile ya viwanda vya ngozi, ya kugandisha utomvu wa mpira na ya kuhifadhi majani ya mifugo.

Mwalimu, methanoli na kaboni monoksidi si ghali. Mbona asidi inayotokana nazo ina bei? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hatua ya kwanza haisumbui. Methanoli na kaboni monoksidi hukutanishwa kwenye nyuzi 80 hivi, presha baa 40 hivi, sodiamu methoksaidi ikiwa kichocheo, ukapata methili fometi. Hiyo hutiwa maji ivunjike kuwa asidi na methanoli, na methanoli hurudishwa mwanzo wa mtambo.

Hapo ndipo pesa inapopotelea. Mmenyuko huo huishia njiani, na usipotenganisha haraka, asidi na methanoli hurudiana. Ukizidisha maji unapata asidi zaidi, lakini maji hayo lazima yatoke. Maji huchemka nyuzi 100, asidi 100.8. Kibaya zaidi, asidi ikifika asilimia 77 hivi, mchanganyiko wote huchemka pamoja kwenye nyuzi 107, na mvuke wake una kiasi kilekile cha maji kilichobaki chini. Chochea boila mpaka kesho, huvuki hapo.

Viwanda vimepita kwa njia mbili. Moja ni kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke, kwa presha kubwa zaidi: kwenye baa 3 kizingiti kile husogea hadi karibu asilimia 85. Nyingine ni ya BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani: kiyeyushi cha jamii ya amidi huishika asidi na kuacha maji mengi nyuma. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kichocheo cha ajabu, muulize kwanza mtambo wake unakula tani ngapi za mvuke kwa tani moja ya asidi.

Tununue ya asilimia 85 au 94? (Kiwanda cha ngozi, Thika)

Gawanya bei kwa kilo za asidi halisi. Dumu la kilo 35 la asilimia 85 lina kilo 29.75, la 94 lina 32.9. Ninyi mnaizimua kwa maji kabla ya kuitia kwenye dramu ya ngozi, sasa ya nini kumlipa mtu kuyaondoa? Mimi ningechukua 85, labda nauli iwe kubwa mno.

Ni kweli hutengenezwa kwa siafu? (Msomaji, Tanga)

Siafu hawana asidi hii. Majimoto wa kwenye miembe na mikorosho wanayo, waulize wachuma maembe. John Ray wa Uingereza alieleza mwaka 1671 namna ya kuipata kwa kukeneka sisimizi, lakini kiwanda hakiendeshwi hivyo.

Nasikia sasa inatengenezwa kwa umeme na hewa ukaa. Itashusha bei? (Mhandisi, Nakuru)

Inawezekana: elektrodi ya bati au bismathi huigeuza kaboni dioksidi kuwa asidi. Hesabu yake haifichiki. Kilo moja inahitaji ampea-saa 1,165. Seli ikitumia volti 3.5, ni uniti 4 za umeme. Asilimia 10 ya umeme ikipotelea pembeni, unafika 4.5, yaani uniti 4,500 kwa tani. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye bili yako, halafu linganisha na bei ya asidi bandarini. Na bado hujalipia seli. Tena seli nyingi hutoa asidi yenye maji mengi au chumvi yake, ukarudi kulekule kwa boila. Nitaiangalia kwa makini pale itakapotoa asidi nzito moja kwa moja, kwa umeme wa bei ya chini kweli.

Fundi wetu anataka kuchanganya asidi fomiki na sulfuriki kwenye ndoo moja ili aokoe muda. (Mwanza)

Mzuie leo. Zikiwa nzito, sulfuriki hunyonya maji kutoka kwenye fomiki na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua. Kila moja izimuliwe kwa chombo chake, asidi ikimiminwa kwenye maji, na ziingie kwenye dramu kwa zamu. Vifuniko vya kupumulia kwenye madumu msiviondoe: asidi nzito ikikaa hutoa gesi hiyohiyo polepole, na dumu lililozibwa kabisa huvimba.