Harufu ya petroli ndani ya gari: anzia pale palipofunguliwa mara ya mwisho

Gari likinuka petroli, linavuja. Wenye magari wengi huambiwa kwamba ni uzee wa gari, wakashusha vioo na kuendelea na safari. Pua nayo huzoea: dakika chache tu baada ya kupanda husikii tena kitu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni mtu ambaye hajaingia ndani ya gari hilo siku hiyo. Mfungulie mlango asubuhi kabla vioo havijashushwa, umwulize anasikia harufu gani, na inatokea mbele au nyuma.

Tunasisitiza harufu hiyo isivumiliwe kwa sababu ya hesabu ndogo. Mvuke wa petroli huwaka ukifikia takriban asilimia 1.4 ya hewa, na huendelea kuwaka hadi karibu asilimia 7.6. Kabini ya gari dogo ina nafasi ya kama mita 3 za ujazo. Kikombe kimoja cha petroli, yaani robo lita, kikigeuka mvuke wote ndani ya kabini iliyofungwa kinatosha kuifikisha kwenye kiwango cha kuwaka. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar es Salaam au Mombasa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupandi ukapotea, unashuka na kutuama sakafuni, kwenye buti, kwenye shimo la gereji, unangoja cheche. Ndani yake pia mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu.

Kabla hujanunua kifaa chochote, jiulize gari lilifunguliwa wapi mara ya mwisho. Pampu ilibadilishwa? Nozo, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zilisafishwa? Tanki lilishushwa kutoa maji? Viungo vya mafuta vilivyofungwa kiwandani hukaa miaka mingi bila shida. Kinachovuja mara nyingi ni kile ambacho spana imekipitia na oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya zamani ikarudishwa palepale kwa kuwa "bado nzima".

Swali la pili ni harufu inakuja saa ngapi. Ikija baada ya kujaza tanki na kupotea mafuta yakifika nusu, tatizo liko juu ya tanki: mpira wa pampu, shingo ya kujazia, au hozi ndogo za mvuke. Ikija asubuhi unapowasha na kuisha injini ikipata moto, shuku oringi za nozo na hozi zilizokauka. Mpira ukiwa baridi umesinyaa, ukipata joto unajaa na kuziba. Ikija umesimama kwenye foleni na feni imewashwa, mvuke unatoka chini ya boneti na kuingia kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele.

Tuanze na pampu, kwa sababu hapo ndipo penye kesi nyingi. Kwenye magari mengi madogo kutoka Japani, pampu iko ndani ya tanki na hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Kuna kifuniko cha bati chenye skrubu, na chini yake ndipo penye pampu. Mpira mkubwa wa duara unaoziba pampu kwenye tanki hunyonya petroli na kuvimba. Ukitolewa, haurudi kwenye mfereji wake. Fundi asiye na subira huulazimisha, unakunjika sehemu moja, na hapo ndipo mvuke unapotokea, moja kwa moja chini ya makalio ya abiria. Kila pampu inapofunguliwa, mpira mpya. Futa mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kaza bolti kwa kupishana kama unavyokaza nati za tairi, na hakikisha kifuniko cha bati kimerudishwa na gundi yake. Tumeona magari mengi ambayo kifuniko hicho kimeachwa kimelegea au hakipo kabisa. Hicho ndicho ukuta wa mwisho kati ya tanki na watoto waliokaa nyuma.

Kabla ya kufungua kiungo chochote chenye mgandamizo, ushushe kwanza. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini iache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde 2 au 3. Ondoa waya hasi wa betri. Funika kiungo kwa kitambaa ukikilegeza, kwa sababu kuna kiasi kinachobaki. Kwenye injini za nozo za kawaida mgandamizo huwa kama bari 3 (bari ni kipimo cha mgandamizo). Zile zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama GDI ya Mitsubishi au D-4 ya Toyota, zina pampu ya pili inayofikisha makumi ya bari, na injini za aina hiyo za miaka ya karibuni hupita bari 100. Bomba la upande huo usiliguse injini ikinguruma, hata kama unaona tone. Mafuta kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Hozi nayo ina maandishi ubavuni, na ni lazima uyasome. Iliyoandikwa SAE J30R7 ni ya kabureta na mgandamizo mdogo, pamoja na njia za mvuke. Ya nozo ni J30R9. Inayozama ndani ya tanki ni J30R10, kwa kuwa hozi ya kawaida imetengenezwa kuvumilia mafuta kwa ndani tu; ukiizamisha, ngozi yake ya nje inalainika na kumomonyoka. Hozi isiyo na maandishi, ile inayouzwa kwa mita na kutumika kwa maji, hewa na mafuta bila ubaguzi, iache dukani. Ikate kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, iingize kama sentimita 2.5 kwenye bomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe wa bomba, milimita chache kutoka ncha ya hozi. Tumia klipu zenye kingo zilizokunjwa, zinazobana sawasawa pande zote. Zile zenye matundu ya kukaza kwa bisibisi hula mpira, na ukizikaza sana zinaukata.

Oringi za nozo: chagua za Vitoni, aina ya mpira wa viwandani, zinazovumilia petroli na joto kuliko mpira wa kawaida. Paka tone la oili safi ya injini, sukuma nozo kwa kunyooka, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini imekaa. Ikikataa, oringi imekunjika, itoe uangalie. Ukimaliza, rudisha fyuzi na betri, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, subiri sekunde 5, zima, rudia mara 3. Pampu itajaza bomba. Pitisha tishu nyeupe kavu kwenye kila kiungo. Tone ambalo jicho halilioni, tishu italionyesha.

Sasa silikoni. Ile ya kuzibia injini, ya rangi yoyote, haiwezi petroli: inavimba, inalainika, inabanduka, na vipande vinakwenda kuziba filta na nozo. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo haifai. Viungo vya mafuta vya gari huziba kwa chuma kugusana na chuma au kwa washa (pete bapa ya kuzibia), na tepu inazuia mguso huo. Washa za shaba au alumini za bolti zenye tundu ni za kutumika mara moja. Bei yake ni ndogo, zinunue nyingi.

Kuna jambo moja linalofanyika sana kituoni, nalo huharibu kifaa ambacho wengi hawajui kama wanacho. Tanki lina kanista ya mkaa inayonyonya mvuke na kuurudisha kwenye injini ukachomwe. Bomba la kujazia likikata lenyewe, tanki limejaa. Nafasi iliyobaki juu ni ya mvuke. Ukiomba "ongeza zifike elfu kamili", petroli ya maji inasukumwa hadi kwenye kanista, mkaa unalowa, na kuanzia hapo haunyonyi tena. Dalili zake ni harufu upande wa nyuma, gari kuwaka kwa shida baada ya kujaza, na kanista nzito ukiinyanyua. Mkaa uliolowa haukaushiki kwa kuanika juani, kanista inabadilishwa. Kabla ya kuibadilisha, pima valvu inayopeleka mvuke kwenye injini: swichi ikiwa imezimwa, chomoa hozi upande mmoja na upulize. Hewa ikipita, valvu imekwama wazi. Angalia pia njia ya kupumulia ya kanista. Magari mengi inakaa karibu na gurudumu la nyuma, na vumbi, tope na utando wa buibui huiziba. Ikiziba, utasikia mfuniko wa tanki ukipuliza au kuvuta kwa nguvu na kwa muda mrefu unapoufungua. Mlio mfupi ni wa kawaida.

Tanki lenyewe likitoboka, usikubali lichomelewe. Tanki lililojaa petroli lina mvuke mwingi mno kuwaka ndani. Lililomwagwa likabaki tupu ndilo lenye mchanganyiko wa mvuke na hewa unaolipuka. Kulisuuza kwa maji mara mbili hakutoshi, kwa kuwa mafuta hubaki kwenye maungio na ndani ya kutu, na joto la gesi ya kuchomelea huyafufua. Sabuni ya kipande iliyosuguliwa kwenye ufa itapunguza tone hadi ufike gereji, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, lakini ni ya safari hiyo tu. Tafuta tanki jingine zima.

Yote hayo yana harufu ya kukuonya. Moshi wa ekzosi una kitu kisichonuka wala kuonekana: kaboni monoksaidi. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hewa yenye asilimia 0.16 tu ya gesi hii huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya dakika 20, na kifo kati ya saa moja na mbili. Injini ya petroli ambayo masega ya ekzosi (kichujio kinachopunguza sumu ya moshi) yametolewa inaweza kutoa asilimia kadhaa gari likiwa limesimama na injini inawaka. Kwa hiyo aliyekushawishi uuze masega gari lipate nguvu amekuachia sumu nyingi zaidi ndani ya bomba, na kama bomba lina ufa, iko chini ya miguu yako.

Sikiliza injini ikiwa baridi. Mlio wa "tik-tik-tik" unaofuata mwendo wa injini na kupungua ikipata moto ni gasketi ya manifodi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini) au ufa. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Moshi huchora mahali unapotoka. Ili kuhakikisha, acha injini baridi iwake bila kukanyaga mafuta, mtu avae glavu na kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha. Ifanyike uwanjani, kamwe si ndani ya banda. Manifodi iliyopasuka na kipande chenye kunyumbulika kilichochanika hubadilishwa. Udongo wa kupaka kutoka kopo huachia kwa mtikisiko. Kama ni kuchomelea bomba, lishushwe kwanza, lichomelewe mbali na gari.

Kisha ziba njia za kuingilia. Mipira ya sakafu iliyotolewa kupitisha waya za redio au kingora, tundu la waya kwenye ukuta wa injini, mpira wa mlango wa buti. Buti lililofungwa kwa kamba likiwa na mzigo ni baya kupita yote, maana gari likikimbia, hewa nyuma yake hujizungusha na kuvuta moshi ndani. Ukilazimika, fungua vioo vya mbele na feni ivute hewa ya nje.

Madereva wanaosubiri abiria na kulala ndani ya gari injini ikiwaka kwa ajili ya kiyoyozi, hasa kwenye maegesho ya chini ya majengo au kando ya ukuta: msilale hivyo. Gari lililosimama halina upepo wa kuondoa moshi, na aliyelala hasikii kichwa kikianza kuuma. Mkimkuta mtu hajitambui, mtoeni nje kwanza, zimeni injini, mpelekeni hospitali apewe oksijeni hata kama ameamka. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza gesi hiyo nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini yake.

Harufu ya yai bovu, mwisho, si ya petroli. Pima betri injini ikiwaka: ikipita volti 15, jenereta inaichemsha, na inatoa haidrojeni pia, inayolipuka. Betri iliyo ndani ya buti ina kibomba chembamba cha kupumulia kwenda nje. Ukinunua betri mpya, hakikisha ina tundu la kukichomeka.

Baada ya matengenezo ya mafuta, tembea kilomita 100, rudi ukague kila klipu uliyoigusa injini ikiwa baridi, kwa kuwa hozi mpya hulegea kidogo ikishapata joto. Kisha jaza tanki hadi bomba likate, funga vioo, lala, na asubuhi mwite yule mtu wa pua afungue mlango.