Maswali na majibu: Makuta ya biro ya kazi yatoke mfukoni mwa nani?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye biro za kutafutia watu kazi hapa Lubumbashi, na kwa waliopita mikononi mwao. Nimezifupisha.

Mama, nina biro ndogo Kamalondo. Kampuni zinanivuta bei mpaka karibu nifanye kazi ya bure. Nimefikiria kila anayeleta dosye ya kuomba kazi atoe dola 20. Kuna ubaya?

Upo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi, si waziwazi wala kwa kuzunguka. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, piga hesabu. Umetangaza nafasi moja ya karani wa depo, wamekuja watu 100, kila mmoja na dola 20. Hizo ni dola 2,000 kabla hujampigia mwajiri simu. Mwezi ujao, kampuni zikikosa nafasi, utatangaza nini? Utatangaza hewa, kwa sababu sasa tangazo ndilo linalokulisha. Na mwajiri akisikia kwamba watu unaomletea ni waliolipa, atauliza kama ulichagua fundi au ulichagua mfuko.

Kinachokuumiza ni namna unavyouza. Unapeleka dosye 15 bila malipo, kampuni inazikalia, halafu baada ya miezi miwili inamchukua mmoja kimyakimya bila kukuambia. Anza kuziba hapo. Omba sehemu ya ada kabla hujaanza kutafuta, sehemu mtu akisaini, salio akimaliza muda wa majaribio. Andikeni kwamba yeyote uliyemtambulisha akiajiriwa ndani ya mwaka mmoja, ada yako iko palepale. Kisha peleka watu watatu tu, kila mmoja na ukurasa wake: alifanya kazi wapi, uliongea na mkubwa wake gani wa zamani, kwa nini aliondoka, anataka mshahara gani. Ukurasa huo ndio bidhaa yako. Dosye tupu hata mpwa wa bosi anaweza kuzileta, na huleta kweli.

Mteja anayekataa yote hayo mwache aende kwa jirani yako. Utapungukiwa kwa muda, sikufichi.

Mama, mimi ni sudere, mchomelea vyuma, ninakaa Katuba. Biro imenipeleka kwenye kampuni ya sutretansi, inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa. Ni mwezi wa tano sasa, ninaandikwa siku kwa siku. Nimesikia kampuni inalipa biro dola 14 kwa siku, mimi napata 8. Je, ni wizi?

Sita hizo si lazima ziwe wizi zote. Kama biro ndiyo mwajiri wako kwenye karatasi, humo inatoa michango ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), ya INPP (mafunzo ya ufundi) na ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), pengine na viatu vya kazi na kofia, kisha faida yake. Biro isiyobakiza kitu itafungwa, na wewe utabaki bila mtu wa kudai. Wizi unaanza pale michango inapokatwa na haifiki. Kwa hiyo omba karatasi ya mshahara ya kila mwezi na namba yako ya CNSS, kisha nenda mwenyewe CNSS ukaulize kama jina lako lipo. Biro safi haikasiriki ukiuliza.

Hilo la siku kwa siku ndilo zito zaidi. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 40, inasema hivi: aliyeajiriwa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa usio na kikomo. Wewe uko mwezi wa tano! Andika kwenye daftari kila siku uliyoingia, na jina la aliyewapokea getini. Ongea na biro kwanza, kwa adabu. Wakikuzungusha, peleka daftari kwa inspekta wa kazi.

Mteja wangu mkubwa anataka katibu msichana asiyeolewa, tena "mtoto wa hapa". Nikikataa nampoteza.

Kataa. Katiba, kifungu cha 36, hairuhusu mtu aonewe kazini kwa ajili ya asili yake wala jinsia yake, na Katanga haikusahau mwaka 1992 watu walipoanza kuhesabiana asili, wenye asili ya Kasai wakafukuzwa. Muulize mteja anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni mtu kukosa kazini, na hilo unaweza kulipima kwa kuwauliza waliofanya naye kazi.

Biro inanisukuma nisaini Kolwezi leo leo, na nafasi ya hapa Lubumbashi niliyoomba kwao haizungumzwi tena. Nifanye nini?

Waulize moja kwa moja: ile nafasi imefungwa, au ada yake ni ndogo? Omba siku mbili. Uliza pia nani analipa nyumba au kambi, na utarudi kuona watoto kila baada ya wiki ngapi. Mkono wa biro uko kwa anayelipa. Bourse du Travail du Katanga ilianzishwa mwaka 1910 kuyapatia machimbo watu, na aliyetolewa kijijini hakuwa na mtu wa kumuulizia maswali hayo. Wewe una mdomo.

Sisi ni kampuni ya usafirishaji. Shofere tuliyeletwa na biro ameondoka wiki ya saba. Tunataka makuta yetu. Biro inasema italeta mwingine. Nani ana haki?

Mlinitumia karatasi ya nafasi mliyowapa biro: "Shofere wa gari zito, Lubumbashi–Kasumbalesa, uzoefu miaka 5." Basi. Haisemi kwamba gari linaweza kukaa kwenye mstari mpakani siku kadhaa. Haisemi nani analipa bukari (ugali) na maji siku hizo, pesa ya safari inatolewa kabla au baada, wala mzigo ukipungua usiku nani anakatwa. Nina hakika aliondoka kwa moja ya hayo.

Kama biro iliyajua ikamficha shofere ili asaini, iwarudishie ada. Kama ninyi ndio mliyaficha, mtu wa pili bila malipo ni ukarimu wao, mshukuruni. Safari ijayo dhamana ya biro, ile ya kuleta mwingine, iende sambamba na muda wa majaribio. Sheria inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, isipokuwa kibarua asiye na ufundi, ambaye ni mwezi mmoja.

Kabla ya kutafuta mwingine, mwiteni yule aliyeondoka, akae na mtu wa biro, waandike karatasi mpya ya nafasi, shofere akisema kazi ilivyo. Ila mlipeni kwanza siku zake za mwisho, la sivyo hatakuja.